Muhuri wa Dole Gumba

Jua lilikuwa linaaga wakati mjane alipofika ofisi ya hifadhi ya majabali, pale kisiwani, kuchukua viatu vya kazi vya marehemu mumewe. Mlinzi alimkabidhi mfuko bila kumtazama usoni.

"Naomba nipite njia yake mara moja, shemeji."

"Giza linaingia. Nusu saa tu, shemeji. Fuata mishale."

Mishale ile nyeupe juu ya mawe aliichora mumewe, kwa miaka kumi na mmoja, ili wageni wasipotee. Kila akimaliza mmoja alibonyeza chini yake dole gumba lake lenye kovu la kukingama. "Muhuri wangu huo," alikuwa akitamba, utadhani yeye ndiye serikali. Miezi mitatu iliyopita aliteleza kwenye jabali la mwisho, na bahari haikumrudisha. Mkewe hakupata hata kaburi la kulilia. Hilo ndilo lililokuwa likimla moyo.

Alitembea akigusa kila dole. Hapa... na hapa...

Kisha harufu. Rangi mbichi!

Mshale mpya ulielekea kushoto. Aliugusa, vidole vikatoka vyeupe. Moyo ulimruka kwa furaha, Mungu amsamehe. Mfiwa naye ni mfa maji, haachi kutapatapa.

"Ni wewe?" alinong'ona.

Katikati ya mawimbi, brashi ilikuwa ikisugua jiwe. Shwaa... shwaa...

"Njoo."

Sauti ilikuwa ya mumewe kabisa. Akaifuata mbio, mshale wa pili, wa tatu, wa nne. Ghafla gauni likanaswa nyuma. Alidhani ni ncha ya jiwe. Akainama kuutafuta muhuri, angalau aweke kidole alipoweka yeye.

Haukuwepo.

Na hatua moja mbele hapakuwa na jiwe tena. Palikuwa na upepo tu, na maji huko chini.

"Njoo..." Sasa sikioni.

Alirudi akikimbia, akilia kwa uchungu zaidi kuliko woga. Alilia kwa sababu aliyeita hakuwa mumewe.

Getini mlinzi alimmulika tochi mgongoni.

"Shemeji... nani amekushika?"

Mgongoni mwa gauni palikuwa na vidole vitano vyeupe, vya mtu aliyevuta kwa nguvu zake zote. Dole gumba lilikuwa na kovu.

Gauni hilo hajalifua hadi leo. Na rangi yake haijakauka.