Aliyesema Karibu

Rahisi huvunja upishi, lakini nani angemwambia Ponsiano? Uani kwake, kijijini Soga, palikuwa na jiwe kubwa kuliko banda la kuku. Mafundi walipotaja bei ya kulipasua aliwacheka. Yeye, karani wa serikali mwenye ubahili wa kujivunia, angelipasua mwenyewe kwa kuni, maji na tindo, kisha vipande avipange kuizunguka nyumba, bustani ya mkewe Devotha ipendeze.

Jumamosi asubuhi aligonga jiwe kwa nyundo, akisikiliza wapi pana uwazi. Ngo, ngo, ngo. Mlio ulikuwa kama wa mlango, naye akatania, "Hodi wenyewe!"

"Karibu," sauti ikajibu.

Alidhani ni Devotha, yuko jikoni. Akakoka moto juu ya jiwe. Saa nzima baadaye Devotha aliingia getini na kapu la sokoni.

"Si ulinijibu sasa hivi?" Ponsiano akamuuliza.

"Nikujibu nikiwa sokoni?"

Mwenye akili angezima moto. Ponsiano alisema ni jirani, akachochea kuni. Jiwe lilipopata moto vya kutosha akalimwagia maji ya baridi, nalo likapasuka kwa kishindo, na kwenye ufa ikatoka harufu ya kitunguu kinachokaangwa. Ilimshtua, lakini kazi ilikuwa inakwenda vizuri. Akapanua ufa kwa tindo, akachonga vipande, akavipanga kuizunguka nyumba bila kuacha pengo.

Tangu hapo kila adhuhuri nyumba ilinukia kitunguu wakati jiko limepoa. Vyumba vilisikika vikifagiliwa, na hapakuwa na mtu. Kisha Devotha akaanza kukaa ukingoni mwa kochi, mikono mapajani.

"Samahani," alimnong'oneza mumewe jioni moja, "choo chenu kiko wapi?"

Ponsiano alicheka peke yake. Mkewe hakuwa anatania. Chakula alikikataa, eti mwenyeji hajamkaribisha mezani. Akakonda. Kila alipotaka kwenda sokoni alifika kwenye yale mawe, miguu ikageuka, akarudi ndani akilia kwamba hajaaga. Ponsiano aliogopa sana. Mkewe alikuwa anaisha mbele ya macho yake.

Akamfuata Bibi Sada, mganga wa Marui. Bibi alipofika aligoma kuvuka mawe.

"Nani alipiga hodi?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mimi, bibi. Kwa utani."

"Na nani alisema karibu?"

Ponsiano akayatazama mawe.

"Basi mwanangu, aliyesema karibu ndiye mwenye nyumba. Umeivunja nyumba yake ukaizungushia yako, sasa zote ni zake. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Anayepona hapa si mkeo."

"Mfukuze, bibi!"

"Mgeni anamfukuza mwenyeji? Muageni kwa adabu, mtoke mikono mitupu. Akisema kwaherini, mmepona."

Ponsiano alilia. Nyumba ile ilikuwa jasho lake lote. Lakini alimtazama Devotha, akamshika mkono, wakasimama katikati ya sebule.

"Shikamoo," alisema Ponsiano. "Tumekaa sana. Tunaomba kuondoka."

"Marahaba," sauti ikaitika, si kutoka chumbani wala darini bali kutoka nje, pande zote, jiwe hadi jiwe kuizunguka nyumba, na ilipomaliza kuzunguka ikaingia ndani pamoja na harufu ya kitunguu, ikawa karibu kabisa na sikio la Ponsiano, ikiguna kama mtu anayeinuka kwenye kiti alichokalia muda mrefu. "Mapema hivi? Haya."

Wakatoka. Miguu ya Devotha ikavuka mawe. Akavuta pumzi, akamtazama mumewe kama aliyeamka usingizini.

"Ponsi," alisema, "mbona umekonda hivyo?"

Ponsiano akamkumbatia huku akicheka na kulia. Bibi Sada, aliyewasubiri getini, aliinua kidole kuwanyamazisha. Walikuwa hawajasikia kwaherini.

Nyuma yao mlango wa sebule ukafunguka taratibu.

"Ngojeni nivae viatu," sauti ikasema kwa upole. "Niwasindikize."

Bibi Sada akakaza kanga kiunoni, akakimbia bila kuaga.