Safari Hii Tutabisha Hodi

Volvo ya Gunvor Thestrup ilikata kona ya bandari ya Esbjerg, magurudumu yakilia.

Mbele yake, lori la samaki la Palle Ravnkilde lilikuwa likikimbilia gatini. Huko meli ya kigeni ilikuwa imeshawasha injini.

Gunvor alikanyaga mafuta. Akalipita lori. Akafunga breki, gari likakaa kimshazari katikati ya njia.

Lori likasimama pua kwa pua na mlango wake.

Dereva akaruka chini na bastola. Hakuwahi kuinyanyua. Kiwiko cha Gunvor, aliyeshatoka kwa mlango wa pili, kilimtua kooni, bastola ikaserereka hadi majini, na pingu zikamfunga kwenye bampa la lori lake mwenyewe.

Ravnkilde akashuka taratibu, sigara mdomoni.

"Dada Gunvor! Hujachoka tu? Asger hajambo?"

Asger alikuwa mwenzake Gunvor kazini. Mwaka juzi walikamata shehena ya bunduki kwenye ghala la Ravnkilde, lakini mkuu wao wa idara ya ujasusi, Bent Hjortkær, aliamuru mlango uvunjwe bila idhini ya jaji. Mahakama ikautupa ushahidi. Ravnkilde akatoka akicheka. Wiki haikwisha, gari la Asger likalipuka. Mkewe hakuruhusiwa kulifunua jeneza.

Gunvor alichomoa bastola, Heckler & Koch yake. Akaielekeza kifuani mwa Ravnkilde.

Risasi moja tu. Nani angemlaumu?

Redio ikakoroma. Hjortkær.

"Thestrup! Hayo makombora yamo kwenye kontena la lori hilo. Wakiyapata wale wanunuzi wa melini wataangusha ndege ya abiria. Vunja kufuli!"

"Idhini ya jaji ipo, mkuu?"

"Acha uanasheria! Hiyo ni amri!"

Ravnkilde alisikia kila neno. Akasogea pembeni, akaonyesha kufuli la kontena kwa mkono kama mwenye nyumba anayekaribisha wageni.

"Tii wakubwa zako, bibie. Vunja."

Mtu anayenusa kifungo cha maisha hachekelei hivyo.

Gunvor alikuwa akishuku kwa muda mrefu. Sasa alijua. Hjortkær na Ravnkilde walikuwa wakila sahani moja, na kila mlango uliovunjwa ulikuwa mlango wa Ravnkilde kutokea.

"Nasubiri," akasema redioni.

"Unasubiri nini, mwendawazimu wewe?"

"Jaji. Lori haliendi popote, nimeliziba njia. Safari hii tutabisha hodi."

Tabasamu la Ravnkilde likafifia. Akamsogelea, akateremsha sauti.

"Alipiga kelele, unajua? Asger. Nilikuwa ng'ambo ya barabara, nikamsikia."

Machozi ya hasira yakamchoma Gunvor macho. Akairudisha bastola kiunoni, kwa nguvu, kama anayefukia kitu.

"Una haki ya kunyamaza, Palle. Nakushauri uitumie."

Simu ikaita. Sidsel Friis, mwendesha mashtaka.

"Jaji amekubali. Fungua, mpenzi. Piga picha kila hatua."

"Hilo jingine?"

"Tayari. Tuko kwenye ngazi zake."

Gunvor alikata kufuli, kamera ikiwa kifuani. Chini ya chewa walioganda, makombora yalilala ndani ya majani makavu kama mayai. Polisi wa bandari wakafika na ving'ora. Ravnkilde akapigishwa magoti chini, sigara ikamdondoka.

"Wakili wangu atakuangamiza!"

"Mwite. Namba yake tunayo."

Akanyanyua redio.

"Mkuu, upo?"

"Nipo," Hjortkær akajibu.

"Simu zako zimerekodiwa tangu Jumatatu. Zote, pamoja na za Palle. Jaji aliidhinisha."



Redio ikaleta sauti ya mlango ukigongwa ofisini kwake.

"Wafungulie, Bent," Gunvor akasema. "Hawavunji, hao."

Hakumhurumia hata chembe. Akazima redio, akainua kola ya koti, akaukata upepo wa Bahari ya Kaskazini kwa miguu, kwenda kumpigia simu mjane wa Asger.