Besi Yangu Inapiga Ndani, Mimi Niko Nje ya Geti

Besi yangu ilikuwa inapiga ndani ya ukumbi...

Na mimi nilikuwa nimesimama nje ya geti, gitaa hilo hilo la besi nimelibeba mgongoni!

Jamani, mnanielewa lakini? Sisemi besi inayofanana na yangu. Nasema YANGU. Vidole vyangu. Kuna mahali kwenye ule wimbo huwa naichelewesha noti moja, naivuta, halafu naiachia. Tunduma nzima hakuna mwingine aliyekuwa anapiga hivyo. Na ndiyo niliyokuwa naisikia, inavuka ukuta, inatikisa bati la geti.

Nikaweka kiganja kwenye lile bati, nijihakikishie.

Aida, dada anayekata tiketi pale getini, akanikodolea macho.

"Kaka Luka! Si uko ndani wewe?"

"Nani yuko ndani?"

"Si ninyi! Husikii mnavyopiga?"

Nilisikia vizuri sana. Na juu ya besi yangu nilisikia gitaa la solo. Hilo nalo sikuhitaji kuuliza la nani.

Kefa!

Rafiki yangu Kefa yuko jukwaani, anapiga shoo na besi yangu... bila mimi!

"Ingia basi," Aida akasema. "Wewe nikukatie tiketi kweli?"

Sikuingia.

Wadau, hilo lishikeni. Geti lilikuwa wazi, nimekaribishwa, na SIKUINGIA.

Sasa ngoja niwarudishe nyuma kidogo.

Bendi yetu ilikuwa ya watu watatu. Dennis alikuwa mwimbaji na ndiye bosi. Kefa alipiga solo. Mimi besi. Ngoma tulikuwa tunazitoa kwenye kinanda. Kila Jumapili alasiri tulipiga kwenye ukumbi ulio karibu na maegesho ya malori, na wateja wetu wengi walikuwa madereva waliokwama kwenye foleni ya mpakani. Mtu amekaa kwenye foleni mpaka amechoka kulala, ukimpigia muziki anacheza kama yuko harusini kwa dada yake.

Mimi nilitoka Iyula, kwenye mashamba ya kahawa, nikafika Tunduma sina hata pa kuweka kichwa. Aliyenichukua ni Kefa. Akanipeleka kwao, mama yake akanitazama juu mpaka chini.

"Huyu naye ni mpiga gitaa?"

"Ndiyo, mama," Kefa akajibu.

"Basi ana njaa. Wote mna njaa."

Akanisongea ugali. Toka siku hiyo nikawa mtoto wa pale.

Mimi na Kefa hatukuwa waongeaji. Mazungumzo yetu yalikuwa jukwaani. Yeye anauliza na solo, anaacha nafasi, mimi namjibu na besi. Hata kuangaliana tulikuwa hatuangaliani! Nilikuwa nafumba macho kabisa. Sisi wapigaji ndivyo tulivyo, masikio tunayaamini kuliko macho.

Kumbe ndiyo yaliyokuja kuniponza.

Siku moja Dennis akaenda Lusaka, akarudi na dude. Mashine ya efekti ya gitaa, ya kupamba sauti, unaikanyaga na mguu. Ina pedo, ina vitufe, ina kioo kidogo kinachowaka maandishi mekundu. Unachomeka gitaa huku, huku unatoa waya kwenda kwenye mikseri, sauti inatoka kama ya studio. Tena ilikuwa na ngoma zake ndani!

"Sasa hii haitaki papara," Dennis akaniambia. "Kila mtu atakuja peke yake, nimtengenezee sauti yake, niihifadhi humu. Siku ya shoo unakanyaga tu, sauti yako hii hapa."

"Kefa je?"

"Kefa ana siku yake. Usimwambie chochote, nataka mkutane na hizo sauti jukwaani. Sapraizi!"

Nikaenda. Ukumbi mtupu, viti vimepinduliwa juu ya meza, mimi na Dennis tu.

Kwanza tulitengeneza kwa kusikiliza kwenye iafoni, zile za kuvaa masikioni. Tamu hiyo! Nikaongeza uzito wa chini, nikaongeza mwangwi, nikajisikia mfalme. Tulipohamia kwenye spika kubwa... aibu! Ikawa mngurumo tu. Mwangwi mzuri wa chumbani, ukiuleta ukumbini unageuka uji. Tukapunguza sauti ya chini, tukapandisha ya katikati, tukafuta mwangwi wote, tukaweka na efekti ya kukata mvumo wa waya. Taratibu besi ikaanza kuongea maneno.

Wadau, sijawahi kujisikia hivyo maishani. Nilitaka kulia.

Dennis akaandika jina kwenye kioo. LUKA.

"Sasa piga nyimbo zetu zote, mwanzo mpaka mwisho, fuata ngoma za mashine. Usisimame. Nataka ipime."

Nikapiga. Bila solo, bila mtu. Kila penye nafasi ya Kefa nilimsikia kichwani mwangu, nikamjibu. Sikujua kwamba kile kidude kilikuwa kinarekodi kila kitu. Mpiga besi wa Iyula ningejulia wapi?

Wiki hiyo hiyo, kabla ya Jumapili, Dennis akanitumia meseji. "Jumapili hakuna kazi, spika zimeungua."

Nikaamini. Jumapili ile nikawa najipitia zangu mjini, besi mgongoni naipeleka kwa fundi, bodaboda mmoja akanipigia kelele.

"Oya Luka! Mnawasha moto leo! Watu wamejaa!"

Ndiyo nikajikuta pale getini.

Dennis hakuniuma sana. Dennis ni Dennis, ni mtu ambaye akikuuzia mbuzi lazima umhesabu miguu. Lakini Kefa! Kefa ambaye sufuria ya mama yake imenikuza! Nilisimama pale nikaona kabisa kichwani jinsi walivyokaa wawili, wakapanga, wakacheka. Nilijua nikiingia nitamwona usoni, na yeye ataniona usoni, na mmoja wetu atakufa kwa aibu.

Nikageuka nikaondoka. Aida ananiita, sikugeuka.

Jioni hiyo ikaingia meseji ya Kefa.

"Nimekusikia leo ukipiga. Hongera sana."

Ala! Yaani ameniibia besi, ameipiga mbele ya watu, na bado ananikejeli! Nililia kwa hasira. Sikujibu. Nikachomoa laini ya simu, nikaivunja kwa meno, kesho yake nikarudi Iyula.

Huko nikawa mtu wa shamba. Besi nikaitundika ukutani. Besi bila umeme ni kama bubu, ukiipiga unaisikia kifuani tu, mwenzako aliyekaa pembeni hasikii kitu. Nami nilikuwa sina hata huyo wa kukaa pembeni. Nilikula peke yangu, nikapalilia peke yangu, nikazoea kujibu maswali ambayo hakuna aliyeniuliza. Watu wakisema Luka siku hizi ana maringo. Maringo gani! Nilikuwa naogopa tu kupata rafiki mwingine.

Siku moja dereva niliyemfahamu akapita Iyula.

"Luka, ile Jumapili bwana, hata Kefa naye..."

"Usinitajie huyo mtu!"

"Nilikuwa nataka kukwambia..."

"Nimesema usinitajie!"

Akapanda lori lake akaenda. Ningemwacha amalize sentensi moja tu, ningepona. Nilimziba mdomo mwenyewe.

Halafu habari ikafika kwamba mama yake Kefa amefariki.

Sikwenda.

Mama aliyenisongea ugali kabla hajajua jina langu, anazikwa, mimi niko shambani napalilia mahindi kwa nguvu nisisikie moyo wangu.

Miaka mitano ikaenda hivyo.

Juzi juzi hapa dada Tabita, binti wa shangazi yangu, akanipigia. Ni mwenyekiti wa kwaya huko Vwawa.

"Kaka, tumenunua mashine ya gitaa kwa mtu, imeshapita mikono mingi. Imetushinda! Ikiwashwa inalia kama ng'ombe anayechinjwa. Si wewe ulikuwa unayajua haya madubwana?"

"Niliyaacha zamani."

"Uliyaacha, hujayasahau. Njoo."

Nikaenda Jumamosi mchana. Kanisa tupu, dada Tabita anafagia. Nikaipindua ile mashine, nikaona mkwaruzo pembeni kama wa ile ya Dennis, alama ya rangi nyekundu kwenye pedo...

Nikaugusa ule mkwaruzo kwa kidole.

Nikaiwasha. Kioo kikawaka. LUKA.

Ni ile ile!

Nikabonyeza. Besi yangu ikajaa kanisa zima, na zile ngoma nyuma yake. Dada Tabita akaacha kufagia.

"Mbona unapiga na gitaa hujashika?"

Nilikuwa nimekanyaga kwenda mbele. Kioo kikabadilika.

KEFA.

Nikabaki nimekitumbulia macho. Kwa nini kuna Kefa humu?

Nikabonyeza.

Solo la Kefa likatoka. Peke yake. Ngoma zile zile za mashine, wimbo ule ule niliousikia getini, noti kwa noti. Na penye sehemu zangu zote... kimya. Kefa anauliza, anaacha nafasi, anangoja. Anauliza tena, anangoja. Alikuwa ananingojea mimi, kwenye ukumbi mtupu, kama mimi nilivyomngojea yeye.

Kefa naye alirekodiwa!

Nikakanyaga mbele tena. Kulikuwa na ya tatu, zote mbili zimechanganywa pamoja. Ndiyo niliyoisikia Jumapili ile. Maana yake jukwaani siku ile hapakuwa na Kefa. Hapakuwa na mtu! Alikuwepo Dennis na kipaza sauti chake, labda ameshika gitaa la kudanganyia walevi, na hela yote ya getini ni yake peke yake.

Na ile meseji? "Nimekusikia leo ukipiga. Hongera sana."

Mungu wangu! Kefa naye alinisikia... akadhani mimi ndiye niliye ndani, napiga na solo lake bila yeye!

Nikakaa chini sakafuni, nikalia kwa sauti.

"Kaka! Umepigwa shoti?" dada Tabita akaja mbio. "Nizime umeme?"

"Usizime, dada. Usizime."

Niliiomba ile mashine kwa siku mbili tatu. Nilisikia Kefa anaishi kwa mjomba wake Nakonde, upande wa pili wa mpaka, Zambia, anauza mbao. Jumatatu nikavuka.

Nilimkuta amekaa juu ya rundo la mbao, amenenepa, ana mvi mbili tatu. Mteja mmoja anamsalimia kwa Kibemba, "Mulishani," naye anaitika "Bwino," yaani mzima. Akageuza uso, akaniona.

Hakuinuka. Hakutukana. Aligeukia mbao zake akaanza kuzipanga.

"Kefa."

Akaweka ubao juu ya ubao.

Nilijua maneno hayatanisaidia, sisi tokea zamani hatukuwa watu wa maneno. Nikaitoa mashine kwenye begi, nikaiweka juu ya mbao. Inakubali betri, nilikuwa nimenunua. Nikachomeka iafoni, nikamwekea moja sikioni, moja nikaweka langu. Alitaka kuitoa.

Nikabonyeza LUKA.

Akatulia. Besi ikaenda, ikaenda... ikafika kwenye ile noti ninayoichelewesha. Kefa akafumba macho.

"Hapo," akasema. "Hapo ndipo nilipoondoka."

Nikabonyeza KEFA.

Alisikiliza solo lake mwenyewe, na zile nafasi zote zilizo tupu. Nikamwona uso unabadilika polepole, anaelewa kidogo kidogo kama nilivyoelewa mimi.

"Luka," akasema. "Kwa hiyo na wewe ulikuwa nje?"

"Nilikuwa nje."

"Wapi?"

"Geti la mbele. Kwa Aida."

Akajifunika uso kwa viganja.

"Mimi nilikuwa geti la nyuma. La jikoni. Na mimi Dennis aliniambia spika zimeungua."

Yaani wadau! Jumapili ile tulikuwa wote pale, saa ile ile, wimbo ule ule, kila mmoja ameegemea ukuta wake anamlilia mwenzake. Katikati yetu ukumbi mmoja tu. Na milango yote miwili ilikuwa wazi!

Tulikaa pale juu ya mbao mpaka betri ikaisha. Kisha Kefa akasema kitu ambacho nitazikwa nacho.

"Mama alikuuliza sana. Hata alipokuwa hawezi kula. 'Luka hajafika?' Mimi namwambia, Luka sasa ni staa, hana nafasi. Anasema, 'Hapana. Luka ana njaa huko aliko. Mwekeeni.'"

Nikamuuliza kaburi liko wapi.

Kefa aliuza gitaa lake zamani, ncha za vidole zimelainika kama za mtoto. Jumamosi iliyopita alikuja Vwawa, akaazima gitaa la kwaya, akapiga vibaya, vidole vikamuuma. Akauliza na solo, akaacha nafasi. Nikamjibu. Kisha tukaenda wote kaburini Tunduma, na nilibeba unga.

Ndugu yangu unayesoma hapa, masikio yangu hayakunidanganya. Ile ilikuwa besi yangu kweli, na lile lilikuwa gitaa la Kefa kweli. Nilisikia ukweli mtupu na bado nikamhukumu mtu asiye na hatia, kwa sababu niliogopa kupiga hatua chache nikaone. Wahenga walisema kusikia si kuona.

Kuna mtu umemnunia kwa jambo ulilolisikia ukiwa nje ya geti? Ingia ndani ukaone. Ukikuta ni kweli, utaumia siku moja. Usipoingia, utafanya kama mimi, na kuna mtu atakufa akiwa amekuwekea chakula.