Moshi wa Kichaka cha Allen

Nilikwenda gengeni kununua nyanya na vitunguu tu. Jua lilikuwa linazama, mtaa wetu wote wa Mtoni unanuka vumbi na samaki wa kukaanga. Niliporudi, ile ndoo ya rangi iliyokaa mlangoni ilikuwa tupu. Kichaka kimeng'olewa!

Nikaingia ndani kwa hasira.

Kichaka kile alikileta marehemu mume wangu, Allen, kutoka Kilimanjaro, alikokuwa akiwabebea watalii mizigo. Kidogo tu, majani membamba kama sindano, vimaua vyeupe vinavyoinama. Watu walicheka: mti wa baridi utaishije Temeke? Ukaishi. Aliyekufa ni Allen, kwa baridi, huko huko mlimani. Kaka yake, Gervas, mbebaji mwenzake, ndiye aliyeleta habari. Eti walipotezana kwenye ukungu. Wiki ile ya msiba kichaka kikachanua, na Gervas akapata la kusema: Herieth mchawi, kamla mumewe, ahame nyumba.

Nikamkuta Gervas sebuleni, amechuchumaa mbele ya chetezo, anavunja matawi juu ya makaa.

"Zima hilo, shemeji!"

"Mganga kasema nifukize nyumba nzima. Uchawi wako unatoka leo, na wewe unaufuata."

"Nyumba ya nani? Ulibeba hata tofali moja, wewe?"

Akainamia chetezo. Alikuwa anautazama moshi.

Haukupanda juu. Ulimwagika sakafuni, mweupe, ukatufika magotini... Ulikuwa wa baridi! Nje majirani wanajipepea kwa joto, ndani meno yangu yanagongana. Kulinuka udongo mbichi na mvua.

Kisha mtu akakohoa chumbani.

Kikohozi kile nilikijua. Nililala ubavuni pa Allen tangu niolewe.

"Kaka... nirudishie koti langu."

Nikamgeukia Gervas. "Koti gani?"

"Shemeji..." alinong'ona, mvuke unamtoka mdomoni. "Alishaanza kuweweseka. Asingefika. Mie nilikuwa bado natembea..."

"Ulimvua akiwa hai?"

Akaanza kurudi nyuma kuelekea mlangoni.

"Mpe koti lake, Gervas!"

"Nililiuza," akalia. "Nililiuza kule kule."

Akakimbia pekupeku, hata viatu kaviacha.

Hajarudi kudai nyumba. Nasikia huko Kipawa anavaa masweta juu ya masweta, mchana kweupe, na bado anatetemeka. Sawa. Atetemeke!

Lakini aliyekohoa hajaondoka. Kila nikiwasha jiko la mkaa jioni, baridi inaingia na sauti inaliulizia koti lile. Nikaenda mtumbani, nikamnunulia jingine, zito, nikalitundika chumbani.

Jana akasema, taratibu, kutoka upande wake wa kitanda:

"Si hili, Herieth. Sogea... unipashe joto."

Nilimpenda mume wangu. Nampenda hata sasa, na hapo ndipo penye hatari.

Gervas, popote ulipo, litafute koti lile. Litafute, mwanaharamu wewe, kabla sijasogea.