Msaidizi wa Wasaidizi

Zihindula hakuwa na suti. Hakuwa na kitanda; alikuwa na godoro. Hakuwa na gari ambalo ndani yake mtu angeweza kuvua glavu wakati wa baridi, hakuwa na mkataba wa kazi uliozidi mwaka, wala hakuwa na bima ya meno, na jino lake la nyuma lilimkumbusha hilo kila alipokunywa kitu cha baridi. Hakuwa na baba wa kumsemea mbele ya wakwe, kwa maana baba yake alizikwa katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kabla mwanawe hajaota ndevu. Na kubwa kuliko yote, hakuwa na ulimi. Mungu alimpa mguu wa kulia uliobarikiwa, kisha akaona inatosha.

Mguu huo ndio uliombeba. Alipoletwa Louisville, Marekani, akiwa kijana wa sekondari, mwalimu mmoja alimwona akicheza kandanda, akamvuta kwenye mpira ule mwingine, mpira wa Wamarekani wenye umbo la papai, ambao wachezaji karibu wote huushika kwa mikono na mmoja tu huitwa kuupiga teke. Zihindula akawa yule mmoja. Kwa mguu akasomeshwa chuo, na mguu ulipochoka akabaki uwanjani kufanya kazi.

Lakini hakuwa kocha msaidizi. Makocha wasaidizi wa vyuo vile ni watu wakubwa. Wana majumba yenye gereji za magari matatu, na mishahara yao hutangazwa kwenye televisheni. Zihindula alikuwa msaidizi wa wasaidizi. Alikata picha za video, alijaza mipira upepo, aliwafundisha vijana kupiga teke, na kahawa ikiisha, yeye ndiye aliyekwenda kuileta.

Hivyo Jumamosi moja ya Oktoba, uwanja umejaa watu mpaka ngazi zinatetemeka, kocha mkuu alipoishiwa chingamu, macho yote yalimgeukia Zihindula. Yule mkubwa hakuweza kufikiri pasipo kutafuna. Zihindula akatoka mbio, koti la timu likipepea, akapenya katikati ya watu wenye sahani za viazi mpaka kwenye kibanda cha kwanza.

Kibanda kile kilikuwa mikononi mwa kwaya ya kanisa la Wakongo. Walipewa siku ile wauze soseji na soda, na sehemu ya mauzo iwanunulie sare. Akaomba chingamu kwa Kiingereza, akihema. Msichana mmoja, aproni nyeupe juu ya kitenge cha manjano, nywele zimesukwa na kukusanywa utosini kama taji, akamgeukia mwenzake.

"Tazama huyu papa, anahema kama mbuzi ya sikukuu."

"Mbuzi huyu anasikia Kiswahili, dada," Zihindula akasema.

Kibanda kizima kikapasuka kwa kicheko. Msichana akajifunika uso kwa kibao cha bei za soda.

"Yesu! Pardon, papa. Hapa hatuuzishe chingamu."

"Basi nimekwisha."

"Kocha muzima anakimbia juu ya chingamu?"

"Si yangu. Ni ya mkubwa."

"Kwani weye si kocha?"

Hapo ndipo alipopaswa kujibu sawasawa. Akajikuna shingo. "Ni kocha... kidogo."

"Kocha Kidogo!" Akachekea jina hilo kama amelitafuna likamwia tamu, akaingiza mkono katika mkoba wake mwenyewe, akatoa pakiti iliyokwisha kufunguliwa. "Shika. Utanilipa."

"Nitakulipa nini?"

"Namba ya simu, kwa kuanza."

Aliitwa Chimène. Alifunga maboksi katika ghala karibu na uwanja wa ndege, na mshahara wake, ingawa hakujua, ulikuwa mkubwa kuliko wa Kocha Kidogo.

Mapenzi yao yalikulia kwenye simu, kwa kuwa kipindi cha mechi humla mtu mzima mzima.

"Umekula, cheri?"

"Nimekula mayai."

"Kila siku mayai! Utataga."

"Nikitaga nitakuletea moja."

"Leta na wewe mwenyewe. Nimekusahau sura, nakumbuka koti tu."

Na kweli, kila alipokwenda kumwona alivaa koti la timu, kofia ya timu, viatu vya timu. Nguo hizo hupewa wafanyakazi bure, naye hakuwa na nyingine. Chimène aliona nembo iliyodariziwa kwa uzi wa dhahabu akadhani ni fahari. Zihindula aliona vile anavyodhani, akanyamaza.

Makocha wa huko huhama kama nyuki: malkia akiruka, wote nyuma yake. Mwaka uliofuata kocha mkuu alichukuliwa na chuo kimoja cha Columbus, na Zihindula akafuata na masanduku ya video. Chimène naye akaenda kumtunza baba yake, Mzee Bagula, aliyekuwa akiishi Cheektowaga, pembeni mwa Buffalo. Njia ikawa ndefu, mapenzi hayakupungua. Wakakubaliana kuoana.

Msiba ukaja na sura ya habari njema. Chuo kilitangaza kwamba makocha wasaidizi kumi wa timu wangegawana dola milioni nane kwa mwaka. Mzee Bagula aliiona habari hiyo kwenye televisheni. Hakujua Kiingereza cha kutosha, lakini hesabu aliijua. Akagawanya. Akampigia simu Pasta Semahoro wa kanisa lao. Kufikia Jumapili Zihindula alipofika kusalimia wakwe, hesabu ilikuwa imemtangulia mpaka madhabahuni.

"Wapendwa," Pasta alinguruma, "Mungu hasahau watu wake! Mutoto wa Nyarugusu, mutoto wa hema, leo iko kati ya makocha wa mamilioni! Zihindula, simama tukuone!"

Akasimama. Na kanisa lote likasimama naye. Wamama wakapiga vigelegele, vitenge vikapepea, ngoma ikaitika, kwaya ikaimba. Wazee waliokuwa wakifanya kazi viwandani Tonawanda, jirani na Buffalo, migongo imepinda, walimpungia mikono kama mfalme. Pasta akauliza kama kocha wao angewasaidia kununua vinanda vipya. Zihindula akafungua mdomo. Ulimi ukakaa pale pale ulipowekwa. Akatabasamu, akainamisha kichwa, nao wakahesabu ile ni ndiyo.

Chimène, kwenye safu ya kwaya, aliacha kuimba.

Jioni alimsindikiza mpaka kwenye gari lake, wakakaa humo wakiona pumzi zao.

"Uliniambia unalipwa kidogo."

"Ni kidogo. Zile milioni si zangu. Mimi simo katika wale kumi."

"Na kanisani?"

Zihindula akafuta mvuke kwenye kioo kwa mkono wa koti la timu.

"Bon. Umewadanganya wao, ao umenidanganya miye? Chagua moja, Zihindula." Hakusema Kocha Kidogo. Akashuka, akafunga mlango taratibu, na utaratibu ule uliuma kuliko kishindo.

Wiki chache baadaye ukafika mkutano wa mahari. Kwa kuwa hakuwa na baba, Zihindula alikwenda na Birindwa, Mkongo mwenzake aliyekuwa akiishi naye chumba kimoja Hilliard, pembeni mwa Columbus, dereva wa lori mwenye maneno mengi na akiba ndogo ya busara. Wazee wanne walikaa kwenye makochi yaliyofunikwa vitambaa vya kufumwa. Mzee Bagula alivaa koti la bluu na kofia ya manyoya, akaongea kwa upole.

"Mutoto yangu, sisi hatuuzishe binti. Ng'ombe ni heshima tu. Kwa mutu wa kawaida, ngeliomba ng'ombe sita, kwa bei ya dola. Donc, kwa kocha... ishirini."

Birindwa akaruka. "Mzee, ishirini? Huyu anakula mayai ya timu! Anayabeba mfukoni!"

Wazee wakacheka mpaka wakafuta macho. "Matajiri yote njo inasemaka hivyo," mmoja akasema.

Zihindula akatoa simu, akafungua ukurasa wa benki, akampa Mzee kwa mikono miwili. Mzee akavaa miwani, akasoma mshahara, akasoma salio, akamrudishia.

"Nimeona. Hii ni benki ya kuonyesha watu. Ile ingine iko wapi?"

Ni vigumu sana kumthibitishia mtu kwamba huna. Aliye nacho ataonyesha nyumba, ataonyesha shamba. Asiye nacho ataonyesha nini? Kila alipokana, walimwona mnyenyekevu. Alipozidi kukana, walimwona bahili. Mlangoni mwa jikoni Chimène alisimama na trei ya chai, macho yake yameganda kwenye vikombe.

Novemba timu ilifungwa mechi ya mwisho, na kesho yake kocha mkuu akafukuzwa. Malkia akitupwa, mzinga wote humwagwa. Kocha mkuu aliondoka na mamilioni, ndivyo mkataba wake ulivyosema. Wale kumi walilipwa hadi mwisho wa mikataba yao. Zihindula alipewa boksi la kuwekea vitu vyake. Huko Cheektowaga habari ikafika imegeuka tena: makocha wamelipwa wakae nyumbani! Vinanda, watu walisema, sasa vitakuja.

Chimène alimpigia simu mara moja tu.

"Papa anasema walikulipa bila kazi."

"Chimène, nimefukuzwa."

"Wote wanasema kingine."

"Na wewe unasema nini?"

Akasikia pumzi zake, halafu simu ikakatwa.

Jumamosi moja alasiri, theluji nyepesi ikianguka Hilliard, mlango ukagongwa. Chimène alisimama nje, buti za ghalani miguuni, koti refu jeusi, kilemba cha manjano kimelowa.

"Nimepanda basi ya Buffalo mpaka hapa. Nataka nione ile nyumba ya kocha."

Akaingia bila kungoja. Akaona chumba, na magodoro mawili, moja la Birindwa, aliyekuwa safarini. Akaona makoti ya timu yametundikwa ukutani, mengi na mazuri, ya timu isiyomtaka tena. Akafungua friji. Mayai. Mayai ya kuchemsha ndani ya mfuko, na chupa za kinywaji cha wachezaji, za buluu. Akasimama akitazama mayai yale, mwanga wa friji usoni, mabega yakaanza kutikisika. Zihindula hakujua kama analia au anacheka mpaka aliposikia.

"Kumbe ulikuwa unataga kweli!"

Halafu ndipo alipolia.

Walikaa kwenye godoro. Akamshika mkono, ukiwa baridi kama chuma.

"Juu ya nini haukusema pale kanisani, cheri? Neno moja tu."

"Watu wote wale walisimama kwa ajili yangu. Maishani mwangu hakuna aliyewahi kusimama kwa ajili yangu. Nikasema moyoni, ngoja wakae kwanza, ndipo niseme. Walipokaa, ilikuwa imeshakuwa kweli."

Chimène akaegemeza kilemba chake kilicholowa begani kwake. "Ningeolewa na weye hata kwa yai moja. Lakini papa hawezi kushuka. Amesema ishirini mbele ya wazee. Akisema sita, watasema binti yake iko na kasoro. Na bila baraka yake mimi siolewi. Dada yangu alitoka bila baraka. Mpaka leo jina yake haitajwi mezani."

"Najua."

"Sasa tunafanya nini?"

Zihindula akazihesabu njia zote. Kiwanda kimoja cha Tonawanda kingemwajiri, na ng'ombe ishirini wangemzeesha kabla hajawamaliza. Chuo kimoja cha mbali, magharibi, kilimwita akajaze mipira upepo kwa malipo madogo zaidi. Pande zote alikotazama, mlango ulikuwa mmoja, na ufunguo wake ulikuwa mfukoni mwa mzee aliyejifungia ndani mwenyewe.

Akanyanyuka, akatafuta karatasi. Alichoshindwa kusema kwa ulimi, akakiandika kwa mkono wa polepole. Hakumwandikia Mzee Bagula. Alimwandikia Pasta Semahoro, akamwomba barua isomwe Jumapili, madhabahuni, mahali pale pale. Aliandika kwamba yeye hakuwa kamwe kati ya makocha kumi. Kwamba kazi yake ilikuwa mipira, video na kahawa, na sasa hata hiyo hana. Aliandika kwamba siku ile alikuwa na mdomo, akaufunga. Mzee Bagula aliomba kwa kipimo ambacho yeye Zihindula alikiacha kisimame. Aibu si ya Mzee, ni yake. Kwa jina hilo, la mtu asiye na kitu, alikuwa anamposa Chimène upya.

Chimène akasoma mpaka mwisho.

"Watakuita mwongo."

"Wataniita."

"Unambebea papa aibu yake."

"Akiitua, labda ataweza kushuka."

"Na akikataa?"

"Atakuwa amenikataa mimi. Mpaka leo amekuwa akibishana na mtu mwingine."

Chimène akaikunja barua, akaitia katika bahasha. Akaifungua tena, akaweka uzi mmoja wa manjano alioung'oa kwenye pindo la kilemba chake, akasema, "Papa anajua hii kitambaa. Ataelewa nilikuwapo." Akaulowesha ukingo kwa ulimi, akaubana kwa kiganja, akakishikilia hapo kwa muda kama mtu azuiaye damu.

Wakatoka. Sanduku la posta la buluu lilikuwa kwenye kona, limevaa kofia ya theluji. Zihindula akavuta mdomo wake wa chuma. Wakaishika bahasha wote wawili, na kwa kitambo hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuachia. Kisha mkono wa Chimène ukalegea, na wa Zihindula, na barua ikateremka ndani. Zihindula akavuta tena mdomo wa sanduku kuhakikisha haikukwama njiani.

Haikukwama.