Jenereta ya Mzee Hilaire

"Mihogo iko mu maji. Usitoshe mbele ilainike."

Simu ya satelaiti ya Thuraya ikakatika. Aliyesema ni Mama Anastasie, mkuu wa idara ya ujasusi kule Kinshasa, na mpelelezi wake Falone alimwelewa vizuri: asiingie kabla barua zote hazijafika. Hata kama mtu atakufa.

Alikuwa ndani ya Land Cruiser yenye tope, ng'ambo ya biro, yaani ofisi, ya mzee Hilaire, mnunuzi mkubwa wa madini pale Walikale. Glock mapajani. Kidude sikioni. Mkononi Samsung, na kwenye kioo chake mstari wa kijani ukitambaa.

Asilimia sitini na mbili ya barua zimefika.

Hilaire alikuwa mjanja wa kizamani. Barua pepe zake za miaka mingi hakuwahi kuziweka kwingine ila ndani ya kompyuta moja nyeusi, chini ya meza yake. Cha mtu, alisema, kilale nyumbani kwa mtu. Humo aliagizia bunduki za watu wa msituni, wao wakamlipa kwa kasiterite, mawe ya bati, ya magendo. Humo pia aliandika kwamba kijiji cha Kingi, kule Masisi, kifagiwe.

Kikafagiwa.

Kosa lake lilikuwa kumwajiri Evode amtunzie kompyuta bila kumuuliza kwao ni wapi. Evode ni mtoto wa Kingi. Mama yake kazikwa huko, kile kilichookotwa.

Asubuhi hiyo Evode aliwasha jenereta na antena ya satelaiti, akaanza kuhamisha barua zote winguni, yaani kwenye kompyuta za mbali ambako kiberiti cha Walikale hakifiki. Angemaliza kwa raha zake. Lakini mtu alimtonya Hilaire kwamba wachunguzi wako njiani, naye akarudi mbio kutoka Hombo.

Evode alikuwa na kipaza sauti cha idara ndani ya kifungo cha shati. Falone alisikia yote.

"Nani alikutuma, Evode?"

"Hakuna, Papa."

"Guy, leta nyundo."

Guy ni mlinzi wa Hilaire, jitu lisilo na haraka. Kidole cha kwanza kilisikika hadi ndani ya gari, na ukelele ukafuata.

"Acha grupe ilie," Hilaire akasema. "Majirani basisikie."

Mtindo huo Walikale wanaujua. Grupe, yaani jenereta, ikiwashwa mchana kweupe, ujue kuna mtu anapigwa. Majirani hufunga madirisha, kila mtu na lake.

Sabini na moja.

Falone alishika kitasa cha mlango, kisha akakiachia. Akiingia, bunduki zitalia. Risasi moja tu kwenye jenereta, umeme umekatika, barua zimebaki njiani, na Kingi imekufa mara ya pili. Bora vidole, akajiambia. Vidole vyenyewe havikuwa vyake, ndiyo maana hesabu ilikuwa rahisi.

Themanini na tatu. Evode akanyamaza.

"Huyu ameisha," Hilaire akasema. "Zima grupe, mafuta inaunguka bure."

Yesu wangu! Falone akafungua mlango. Mguu mmoja ukakanyaga tope.

Hapo Evode akapiga yowe la mtu anayechinjwa.

"We Guy, umemufanya nini?"

"Miye? Sijamugusa, patron!"

"Hilaire!" Evode alikuwa anapasua koo. "Ulimaliza Kingi! Watu bote basikie! Muuaji!"

"Acha grupe! Acha ilie! Na umupige!"

Falone alirudisha mguu ndani, akafunga mlango polepole. Yule kijana alikuwa anaomba nyundo ili umeme usizimwe. Falone aliona aibu, na hakutoka.

Tisini. Tisini na sita.

Mia.

Kinshasa wakahakiki kwa dakika chache, ndipo simu ikatetema. "Imelainika," Anastasie akasema. "Ingia."

Falone alipiga lango teke akakuta moshi. Watu waliokimbia vita mara nyingi wana kanuni moja: kabla ya kukimbia, choma. Hilaire alikuwa ameikokota kompyuta hadi uani, akaimwagia petroli. Ilikuwa inayeyuka. Guy alinyanyua AK. Falone akampiga risasi mbili za kifua, akaanguka juu ya nyundo yake.

Hilaire aliinua mikono huku anacheka. "Umechelewa, mama. Mamesaji yote njo ile majivu."

Falone akamgeuzia simu. Barua ya Kingi, jina lake chini.

"Ziko Kinshasa, Papa. Weye umeunguza mashini tu. Grupe yako njo imezituma."

Hilaire akaitazama jenereta. Bado ilikuwa inanguruma. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na huyu alikuwa amejichimbia kwa mafuta yake. Akaketi kwenye tope, pingu zikamkuta hapo.

Ndani, Evode alilala sakafuni, mikono yote miwili kifuani, imevimba, haina umbo.

"Dada, ulikuwa unasikia?"

"Tangu mwanzo."

"Yote?"

"Yote."

Evode alingoja neno jingine. Falone akainama, akakata kile kifungo cha shati kwa kisu, akakitia mfukoni. Mali ya serikali.

"Docteur anakuya," akasema.

Akatoka. Akamsukuma Hilaire mbele yake, na walipopita uani akazima jenereta.

Kimya kikatanda mtaa mzima. Ndani ya biro Evode alikuwa bado analia, na sasa alisikika vizuri. Madirisha ya majirani yakaanza kufunguka, moja moja. Falone akapanda gari bila kumtazama hata mmoja wao.