Difu Niliyoagiza Siyo Iliyokuwa Chini ya Gari Langu

"Taimi, toa mguu kwenye mafuta! Gurudumu lako la nyuma liko hewani!"

Sauti ya mume wangu kwenye redio ya mawasiliano ya gari ilikuwa inatetemeka. Na Clayton hatetemeki, jamani. Mwaka wa kumi na moja huu anaendesha gari la wagonjwa kwa kujitolea, ameona mengi.

Nikageuza shingo taratibu...

Upande wa kulia hakukuwa na barabara tena. Kulikuwa na weupe mtupu, na chini ya ule weupe, mita arobaini hivi, mawimbi ya Ziwa Superior yalikuwa yanapiga mawe.

Nyie... mkojo ulinitoka kidogo. Nasema ukweli, sina cha kuficha.

Ngoja niwarudishe nyuma, muelewe nilifikaje pale.

Mimi kazi yangu ni kusukuma theluji. Nina pikapu yenye sepeto kubwa la chuma mbele, na kuanzia Novemba hadi Aprili nafungulia watu njia za nyumba zao. Huku kwetu Keweenaw, rasi iliyoingia ndani ya Ziwa Superior, theluji haina mzaha. Ukilala kwa saa nane tu, unaamka mlango haufunguki.

Msimu uliopita nilikwama mara sita. Mara sita! Gurudumu moja la nyuma linazunguka kama limerogwa, la pili limetulia tu linaangalia. Wanaume kule baa walinipa jina, "Mama Kamba", maana kila siku nilikuwa navutwa kwa kamba.

Niliumia. Septemba nikaenda kwa fundi Perreault kubadilisha difu, ule mtambo wa chini ya gari unaogawia magurudumu nguvu ya injini.

"Fundi, nataka unibadilishie difu ya nyuma."

"Unataka ipi?"

"Ile inayojifunga yenyewe. Nikikanyaga mafuta, magurudumu yote mawili yavute sawasawa, yatake yasitake!"

Fundi akajikuna kidevu.

"Kuna nyingine, Taimi, haifungi moja kwa moja. Inagawa nguvu polepole, gurudumu lililo kwenye nafasi nzuri linapewa zaidi. Kwa barafu ya milimani..."

"Fundi. Nimesema inayojifunga."

"Haya, mama. Gari lako."

Jumapili yake nikamwambia Baba, tukinywa kahawa jikoni kwake. Baba amesukuma theluji miaka arobaini, nilijua atafurahi.

Akaweka kikombe chini.

"Inayojifunga?" akauliza.

"Ndiyo. Mama Kamba amekufa na kuzikwa!"

Hakucheka. Aliinuka akaenda kutia kuni kwenye sauna, kile kibanda cha kuogea mvuke, na hiyo sauna tulishaikoka nusu saa nyuma. Mimi nikaona ni uzee tu.

Oktoba gari likatoka gereji. Tamu! Kimya! Mmoja wa wale wa baa akaniuliza, "Mbona difu yako haigongi kwenye kona? Za kujifunga huwa zinalia ka! ka! ka!"

Nikamjibu, "Yako ndiyo inalia kwa sababu ni ya bei ya mkopo."

Baa nzima ikacheka. Laiti ningejiuliza swali lile lile...

Sasa turudi kwenye siku yenyewe. Januari, saa tatu kasoro robo asubuhi, dhoruba ya siku ya pili. Simu ikaita.

"Mwanangu..."

"Baba? Mbona unahema?"

"Kifua kinanibana. Na huu mkono wa kushoto... sijui umekuwaje."

Nikampigia Clayton alete gari la wagonjwa.

Baba anakaa peke yake juu ya kilima, na ile njia ni ya kwake mwenyewe. Magari ya kaunti ya kusukuma theluji hayapandi kule. Wa kuifungua ni mimi tu. Nisipofika mimi, gari la wagonjwa halifiki. Gari la wagonjwa lisipofika, baba yangu anakufa kwenye kiti chake cha jikoni.

Dakika kumi baadaye nilikuwa naparua kilima, Clayton nyuma yangu na gari la wagonjwa, taa zinawaka.

Nilikuwa nasali kwa sauti. Mimi! Ninayesinzia kanisani!

Mpaka tukafika kwenye Kona.

Kona ile sisi hatuizungumzii nyumbani. Mama yangu alifia pale nikiwa na miaka tisa. Gari liliteleza likaenda ziwani. "Barafu," Baba alisema siku ile, na tangu hapo hajaongeza neno. Barabara yake imelala upande, imeinamia ziwa, na chini ya theluji huwa kuna barafu ngumu kama kigae.

Nikaingia polepole. Sepeto likagonga kitu kilichoganda upande wa kushoto... PAA!

Gari likasukumwa kulia. Nyuma ikaanza kwenda... ikaenda... halafu ikasimama.

Ndipo Clayton akapiga kelele kwenye redio.

"Clayton, niko pembeni kabisa?"

"Gurudumu la kulia la nyuma halina kitu chini yake. Shusha sepeto liume ardhi. Taratibu."

Nikashusha. Gari likatulia. Moyo haukutulia.

"Sasa natoka," nikasema. "Difu itajifunga, la kushoto litanivuta."

Nikagusa mafuta kidogo mno.

Vuuuu...! Lile la hewani likazunguka peke yake. La kushoto limekufa. La mbele moja linachimba theluji tu.

"Difu haijifungi!" nikalia. "Clayton, Perreault kaniua! Haijifungi!"

Nikabonyeza redio tena.

"Clayton?"

"Taimi... nisikilize. Hiyo difu siyo uliyoagiza."

"Unasemaje?"

"Fundi aliweka ile nyingine. Ile inayogawa."

"Wewe umejuaje?"

"Nilikuwepo alipokuwa anaiweka."

"Tangu Oktoba?!"

"Tangu Oktoba."

Nyie, hebu fikirini. Mume wangu, miaka kumi na minne ya ndoa. Tunalala kitanda kimoja. Aliniona nikiringa baa nzima na difu ambayo sina, akanywa bia yake kimya! Na sasa ninaning'inia juu ya ziwa, baba yangu anakata roho juu ya kilima, ndiyo anakumbuka kuniambia.

"Nikitoka hapa nakuacha," nikamwambia. "Naapa kwa kaburi la mama yangu."

"Niache. Lakini utoke kwanza. Unanisikia?"

Nikajifuta machozi kwa mkono wa koti.

"Hiyo difu inagawa nguvu kwa kulinganisha magurudumu. Moja likiwa hewani haliwi na mzigo wowote, kwa hiyo hakuna cha kulinganisha. Idanganye. Kanyaga breki kidogo kwa mguu wa kushoto, huku unatia mafuta kwa wa kulia. Breki italishika lile la hewani, na nguvu itahamia kwa mwenzake."

"Nikanyage breki na mafuta pamoja? Hapa?!"

"Kama unakanyaga yai, Taimi. Inua sepeto, halafu yai."

Nikaangalia kioo. Kulikuwa na weupe tu.

Nikainua sepeto. Gari likasogea kidogo nyuma... kidogo tu... nikapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia mdomoni mwangu.

Breki. Kidogo. Mafuta. Kidogo.

Kimya.

Halafu kitu kikaguna chini ya kiti changu, na gurudumu la kushoto likauma. Nililisikia mgongoni! Sentimita kumi. Nusu mita. La kulia likapanda ukingo, gudu! Nikawa barabarani, mzima.

Sikusimama. Niliparua mpaka mlangoni kwa Baba nikilia kwa sauti kama mtoto.

Alikuwa kwenye kiti chake, midomo ya bluu, lakini macho yamefunguka.

"Umechelewa," akanong'ona.

"Difu, Baba..."

Akafumba macho. Chozi moja likashuka. Nikafikiri ni maumivu ya kifua.

Siku ya tatu hospitali alikaa kitandani, mirija kila mahali, akala nusu ya pasti, lile andazi la nyama nililomfichia kwenye koti. Mimi na Clayton tulikuwa bado hatuzungumzi. Nikimpa chumvi nampa kwa mgongo.

"Usimwache mume wako," Baba akasema ghafla.

"Alinisaliti, Baba. Yeye na fundi."

"Mimi ndiye niliyempigia fundi simu abadilishe, nikaenda kuhakikisha. Clayton alinifuma gereji, nikamwapisha asiseme."

Nikachoka.

"Wewe? Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Wewe ukiambiwa kulia, unakwenda kushoto."

"Baba. Kwa nini?"

Akageukia dirisha.

"Mwaka ule sikuwa na uwezo wa kununua difu ya maana. Nikafanya kama walivyofanya vijana wengi wa huku. Niliifungua difu, nikaichomelea. Magurudumu yote mawili yakawa kitu kimoja. Nilijisifu nayo baa, kama wewe."

Nilishika ukingo wa kitanda.

"Mama yako aliendesha mara moja akaniambia, 'Wilho, nyuma inateleza kwenye kona.' Nikamwambia gari halina neno, ni woga wake tu. Kesho yake akalichukua gari hilo hilo kuniletea chakula kazini, akafika kwenye Kona..."

Akavuta shuka mpaka kidevuni.

"Magurudumu mawili yakizunguka pamoja kwenye barafu, hakuna linaloshika," akasema. "Nyuma inafuata mteremko. Wewe juzi la kushoto lilitulia, mwanangu. Lilikushikilia. Ile uliyoitaka ingekupeleka kwa mama yako."

Miaka ishirini na nane nilikuwa nailaumu barafu!

Nimemsamehe? Sijui, jamani. Siku ile nilitoka nje nikapiga teke ukuta wa hospitali mpaka kidole kikavimba. Nikarudi ndani nikamshika mkono. Vyote viwili nilivifanya.

Clayton alikuwa koridoni.

"Kuna kingine unanificha?" nikamuuliza.

"Pasti yako ya jana. Niliila mimi."

Nikacheka huku nalia, mbele za manesi.

Sasa nyinyi mnaosoma. Kitu cha kufunga chini ya gari kichague kwa barabara unayopita, usikichague kwa midomo ya baa. Fundi akisema "lakini", mwache amalize.

Na wazazi, semeni na watoto wenu! Baba yangu aliona ni rahisi kung'oa difu nzima chini ya gari langu kuliko kung'oa sentensi moja moyoni mwake. Ile difu iliniokoa, namshukuru Mungu. Lakini nilikaa pale juu ya ziwa, mguu mmoja kwenye breki, bila kujua ninaendesha nini, kwa sababu watu watatu wanaonipenda walinyamaza.

Wiki iliyopita mimi na Baba tulipanda kilima, amekaa pembeni yangu. Tulipofika kwenye Kona nikapunguza mwendo.

"Hapa," akasema, "ndipo nilipomuua mama yako."

Nikasimamisha gari. Tukakaa pale mpaka kahawa ya chupa ikaisha, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu akaanza kunisimulia mama alikuwa mtu wa namna gani.